Si Ibada Iliyotufukarisha

Juzi, kwenye matanga mjini Baraka, Kivu ya Kusini, kijana mmoja aliyesomea Bujumbura alipewa nafasi ya kusema neno la faraja. Badala ya faraja alitupa tusi. Alisema watu wa Fizi na Minembwe wanaomba kuliko watu wote, na bado ndio wa mwisho kwa kila jambo. Wengine wanafanya kazi, sisi tunashinda kanisani. Vijana wenzake walicheka, na wengine walipiga makofi. Mama mfiwa, ambaye usiku kucha alikuwa amezungukwa na wamama wa kanisa lake wakimshika mikono na kumpikia uji, aliinamisha kichwa. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Sasa matanga yameondolewa na mimi nasema.

Maneno yale si ya kijana mmoja. Nayasikia kwenye pikipiki, redioni, kwa walimu, kwa watu wa mashirika, na zaidi kwa ndugu zetu walio ng'ambo, ambao wakipiga simu huanza kwa kutuhesabia saa tunazokaa kanisani. Yamekuwa kama somo la shule: Mkongo ni maskini kwa sababu anaabudu mno. Huo ni uongo, tena ni uongo unaowafaa sana wale waliotufukarisha kwa kweli, maana mwizi hufurahi akisikia mwenye nyumba analaumu sala zake.

Nina swali moja tu. Machi 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilifunga makanisa yote ya Kongo. Yakakaa yamefungwa hadi katikati ya Agosti. Karibu miezi mitano, hakuna korali, hakuna kesha, hakuna mkutano wa injili. Kama ibada ndiyo inayozuia maendeleo yetu, miezi ile ilituletea nini? Je, barabara ya kupanda Minembwe ilitengenezwa? Je, umeme ulifika Fizi? Je, walimu walilipwa mishahara yao kwa wakati? Wagonjwa wa milimani waliendelea kubebwa kwenye machela, wanaume wakipokezana mabegani, wakishuka na kupanda mabonde siku nzima, na wengine walifia njiani. Septemba ya mwaka uleule wakubwa wakaja kumsimika meya wa komuni ya Minembwe. Oktoba rais akatangaza kwamba komuni hiyo imefutwa. Komuni ilikuja ikaondoka. Barabara haikuja. Nani aliizuia, wamama wa korali?

Sasa tugeuze swali. Katika milima hii na kando ya Ziwa Tanganyika, vitu vilivyodumu vilitoka wapi? Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Swideni na Norwe waliingia Kivu ya Kusini katika miaka ya 1920, na kutokana na kazi yao tuna makanisa ya CEPAC na CELPA. Wamethodisti Huru nao wakaja upande wa ziwa; hospitali ya Nundu, ambapo wengi wetu tulizaliwa au tulizaa, ni yao. Shule nyingi ambamo watoto wa Fizi wanajifunza kusoma ni shule za makanisa, na tangu 1977 zinaendeshwa kwa mkataba kati ya makanisa na serikali. Hata chuo kikuu kilichopo Minembwe kinaitwa Eben-Ezer, jina la lile jiwe ambalo nabii Samweli alilisimamisha. Ondoa kila kitu kilichozaliwa na watu waliokuwa wakikusanyika kumwabudu Mungu, kisha uniambie kimebaki nini kati ya Baraka na Minembwe. Vimebaki vizuizi vya barabarani, ambapo mwenye bunduki anamtoza mwenye kuku.

Mchukue Daktari Denis Mukwege, ambaye dunia nzima inamjua. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste mjini Bukavu. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyomfuata baba yake, akiwa mtoto mdogo, kwenda kumwombea mtoto mchanga aliyekuwa mgonjwa. Baba akaomba. Mtoto Denis akamuuliza kwa nini hakumpa yule mgonjwa dawa, na baba akajibu kwamba yeye si daktari. Basi mtoto akaamua kwamba baba ataomba na yeye atatoa dawa. Lisome tukio hilo polepole. Udaktari ule ulianza kando ya kitanda, katikati ya maombi. Denis akasoma, akatibu Lemera katika hospitali ya kanisa, hadi Oktoba 1996 ilipovamiwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi chini ya CEPAC. Mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Maelfu ya wanawake walioharibiwa na vita wameshonwa na kusimama tena pale Panzi. Na wafanyakazi wa hospitali hiyo huanza siku kwa sala. Nani basi atathubutu kuniambia kwamba ibada inamlemaza mtu mikono?

Wanaotukejeli wakishindwa hapo hukimbilia mfano wa Ulaya. Wanasema Wazungu hawaendi tena kanisani na barabara zao ni nzuri. Hoja hii inanichosha. Wale Waswideni waliotuletea hospitali hawakutoka kwenye baa. Walitoka kwenye makusanyiko madogo ya watu waliokuwa wakiimba, wakifunga na kutoa sarafu zao ili watu wa Lemera, ambao hawakuwahi kuwaona, wapate dawa. Anayesifu Ulaya ya leo kwa kutokwenda kanisani anasifu nyumba na kuwatukana walioichimbia msingi. Na kama kuacha ibada kungekuwa njia ya utajiri, machimbo ya dhahabu ya Misisi yangekuwa mji wa dhahabu, maana pale Jumapili haitofautiani sana na Jumanne.

Wengine husema ibada inalaza watu usingizi wasidai haki zao. Hao wamesahau Februari 16, 1992, Wakristo wa Kinshasa walipotoka wakiwa na Biblia na rozari kudai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena, na askari wa Mobutu wakawapiga risasi. Wamesahau pia Desemba 31, 2017, watu walipotoka misani kudai uchaguzi, wakakutana na mabomu ya machozi na risasi. Waliolala usingizi hawapigwi risasi barabarani.

Lakini nitasema pia wapi kijana yule wa matangani alijifunza mawazo yake, kwa sababu hakuyatoa hewani. Aliyasikia kanisani. Aliyasikia kwa manabii wa vyumba vya maombi waliojaa kutoka Baraka na Uvira hadi Bukavu, wanaouza mafuta na maji, wanaomwambia mjane atoe mbuzi wa mwisho ili mlango wa baraka ufunguke. Hao wamefundisha kizazi kizima kwamba ibada ni biashara: toa wimbo, pokea gari. Kijana ameimba, gari halikuja, sasa anadai kurudishiwa bei. Yeye na nabii wake wanakubaliana kabisa. Wote wawili wanadhani Mungu ni mtu wa duka. Mtoto anapomwamkia baba yake asubuhi hafanyi hivyo ili apewe franka. Anamwamkia kwa sababu ni baba, na mtoto asiyemwamkia baba yake tunajua nyumbani kwao kumeharibika kitu. Tunamwabudu Mungu kwa sababu ni Mungu. Hospitali, shule na ujasiri vilifuata kwa sababu watu waliomwinamia yeye waliona aibu kumwacha jirani yao afe. Hata kama visingefuata, angestahili vilevile.

Na kuna Mutarule. Najua watanitajia Mutarule. Usiku wa Juni 6, 2014, watu zaidi ya 30 waliuawa kwenye kijiji hicho cha uwanda wa Ruzizi, na wengi wao walikuwa katika ibada ya nje. Wakejeli huuliza ibada iliwasaidia nini. Mimi nauliza wanajeshi wa serikali na wa Umoja wa Mataifa, waliokuwa kilomita chache kutoka pale na ambao hawakufika kwa wakati, walisaidia nini. Waliokuwa na kazi ya kulinda hawakulinda. Waliokuwa wakiomba waliuawa wakiwa hawajamdhuru mtu. Anayeweka lawama juu ya marehemu na kuwaacha wenye bunduki wapite ana moyo mgumu.

Mtu asiyemwabudu Mungu haachi kuabudu. Tumeona milimani kwetu, hasa tangu 2017, kile wanachokiabudu watu waliomsahau. Wanaabudu kabila. Wanaabudu bunduki. Wanaabudu mkubwa fulani aliyeko mjini, anayewatuma kwa simu wachome. Vijiji vya Wabembe, vya Wafuliru, vya Wanyindu na vya Banyamulenge vimeteketea, na ng'ombe wameibwa makundi kwa makundi. Waliofanya hayo walikuwa na miungu yao, nayo ilidai sadaka kubwa kuliko zaka yoyote. Yesu alimwambia yule mwanamke Msamaria kwamba ugomvi wa mlima huu au mlima ule hauna maana mbele ya Baba. Akaagiza pia kwamba mtu akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka madhabahuni na kwenda kupatana naye kwanza. Nani mwingine anatuagiza hivyo hapa? Mashirika? Vyama? Hapa kanisa lina deni, na nalitaja kwa uchungu: makanisa ambamo kabila moja linakaa mlimani na lingine kando ya ziwa, yakiimba kutoka kitabu kimoja bila kusalimiana, yanamwibia Mungu. Dawa yake ni ibada ya kweli. Kukaa nyumbani hakuponyi kitu.

Hata uhamishoni ibada ndiyo iliyowashika watu wetu. Waulizeni watu wa Fizi walioko Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Tanzania mwaka 1996, ni nini kilichowashika wasisambaratike. Waulizeni walionusurika kambi ya Gatumba nchini Burundi, ambako watu zaidi ya 150 waliuawa Agosti 13, 2004, na ambao sasa wanaishi Marekani, kwa nini kila Agosti hukusanyika kwa sala.

Kwa hiyo, vijana wasomi, acheni kuwakejeli wazee wenu mbele ya wafiwa. Njooni Jumapili na elimu yenu. Kituo cha afya kinahitaji mtu wa kuandika hesabu vizuri, wamama wanataka kujifunza kusoma, na korali inahitaji sauti za wanaume. Barua ya kudai barabara ya Minembwe tutaiandika pamoja uani baada ya ibada, nanyi mnaojua Kifaransa mtaipeleka kwa wakubwa.