Upepo au Maji

Vijana wengi wa shule za sekondari siku hizi hutamani kuunda kompyuta kwa mikono yao wenyewe. Tamaa hiyo ni njema, nami sina neno juu yake. Neno langu ni juu ya shauri moja ambalo kila aingiaye katika kazi hii hupewa mapema, kwamba kompyuta isiyopozwa kwa maji ni kompyuta ya kimaskini. Nashikilia kwamba shauri hilo ni baya, na kwamba wewe, msomaji, uundapo kompyuta yako ya kwanza, yakupasa kuipoza kwa upepo.

Tulitazame jambo lenyewe kwanza. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, hula umeme, na karibu umeme wote iulao hugeuka joto. Prosesa ya kadiri, mfano wa Ryzen 5 5600 ya AMD, imekadiriwa wati 65, sawa na balbu ya zamani iliyokuwa ikiunguza vidole. Joto hilo lisipoondolewa prosesa hujipunguzia mwendo, na likizidi sana mashine hujizima. Kupoza, basi, si pambo. Hapo sote twapatana.

Kipozaji cha upepo hukaa juu ya prosesa. Kina kitako cha madini, mapezi membamba ya alumini na feni. Vilivyo bora vina pia mirija ya shaba iliyozibwa, na ndani yake mna maji kidogo. Maji hayo hugeuka mvuke upande wenye joto. Mvuke hukimbilia kwenye mapezi, hupoa, huwa maji tena na kurudi ulikotoka, bila pampu wala mafundi. Hata huyu anayedharauliwa kwa kuwa ni wa upepo, kumbe ana maji tumboni!

Kipozaji cha maji kina pampu, mipira miwili, na rejeta mfano wa ile ya motokaa. Pampu huyasukuma maji kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, na hapo, zingatia sana, feni huipuliza rejeta. Joto limeishia wapi? Katika hewa ya chumba. Maji ni hamali tu. Huuchukua mzigo kutoka mahali hapa hadi pale, na mwenye kuupokea ni upepo ule ule. Chumba cha Mombasa kikiwa na nyuzi 32, hakuna rejeta itakayoyashusha maji yake chini ya 32. Nairobi nako, kwa sababu ya mwinuko, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na feni za pande zote mbili hupata taabu ile ile. Amsifuye hamali kana kwamba ni barafu anakuuzia ndoto.

Tena utazame siku ya kuharibika. Feni ikifa, wanunua nyingine na kuifunga kwa bisibisi kabla ya chakula cha jioni. Pampu ikifa ndani ya kipozaji kilichozibwa kiwandani, aghalabu chote hutupwa. Maji nayo hupenya polepole katika kuta za mipira, yakapungua miaka ipitapo. Kuvuja ni nadra, wala sipendi kumtisha mtu; lakini mwaka 2004 kampuni ya Apple ilitoa Power Mac G5 iliyopozwa kwa maji, na baadhi ya mashine hizo zilivuja zikaharibika. Mac Pro ya mwaka 2006 ilipozwa kwa upepo. Kweli, prosesa nazo zilikuwa zimebadilika. Lakini hao walikuwa na wahandisi tele, na wewe una bisibisi moja.

Walakini hoja yangu kubwa ni fedha. Ryzen niliyoitaja, ikinunuliwa mpya katika sanduku lake, huja na kipozaji chake cha upepo, nacho chatosha. Bei ya rejeta huitoa wapi? Huitoa katika kumbukumbu, au katika diski. Nilimwona mwanafunzi mmoja aliyenunua kipozaji cha maji chenye taa za rangi saba, akabakiwa na fedha za kumbukumbu ya gigabaiti 8 tu. Mashine yake ilikuwa baridi, nayo ilikuwa nzito kama mzee apandaye mlima. Taa ziliwaka vizuri sana.

Wapinzani wangu watasema ziko prosesa zinazohitaji maji. Ni kweli. Core i9-14900K ya Intel imeruhusiwa kula hadi wati 253, na mwenye kuifanyisha kazi nzito mchana kutwa ana haki ya kununua rejeta kubwa. Ni kweli pia kwamba vipozaji vikubwa vya upepo ni mizigo: NH-D15 ya Noctua ina kimo cha milimita 165 na uzito uliopita kilo moja, haiingii katika kasha jembamba, na ni busara kuifungua kabla ya safari ya barabara mbaya. Lakini ajifunzaye kuendesha gari haanzi na lori la tani ishirini.

Basi fanya hivi. Ukiwa na kipozaji kipya, kitazame kitako chake. Kama kina karatasi ya plastiki, ibandue. Kama hakikupakwa mafuta ya kupitishia joto kiwandani, tia tone la ukubwa wa mbaazi katikati ya prosesa. Kaza skrubu kwa kupishanisha pembe, wala usimalize moja kabla ya nyingine. Chomeka waya wa feni palipoandikwa CPU_FAN. Kisha iwashe, uipe kazi nzito kwa nusu saa, usome joto. Ukiona nyuzi 75, kalale. Prosesa hiyo imeruhusiwa kufika 90.