Mali Bila Daftari

Kuna kaseti moja ambayo mjomba wangu hapa Ogembo haruhusu mtu kuigusa. Ni ya 2 Unlimited, kundi la dansi la Uholanzi, yaani Ray Slijngaard na Anita Doth. Mwaka wa 1993 wimbo wao "No Limit" ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 5. Mwaka wa 1995 vibao vyao vikakusanywa katika albamu moja, Hits Unlimited. Mwaka uliofuata wawili hao wakaliacha kundi. Wao waliondoka, nyimbo zikabaki.

Wenzangu wengine husema eti hizo ni kelele za mashine tu. Sibishani nao. Ninachosifu si mdundo, ni ile akili ya kuweka akiba.

Babu yangu alipiga obokano, ala yetu yenye nyuzi 8. Alipofariki tulitafuta walau wimbo wake mmoja. Wapi! Nyumba nzima ilikuwa na simu, na hakuna aliyekumbuka kumrekodi. Jamani, mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hivyo naomba, likizo ijayo kila mwanachama amwendee mzee mmoja, aombe ruhusa, arekodi wimbo mmoja, kisha aandike maana yake kwa Kiswahili. Mtauliza, kwani Kiswahili na obokano vinahusiana vipi? Hebu niambieni, jirani asiyejua Ekegusii atauelewaje wimbo huo?

Mimi nitaanza na mzee aliyekuwa akipiga pamoja na babu. Yeye bado yuko hai.