Usukani Haufungwi kwa Bolti ya Mkebeni

Najua mmezoea kusoma katika kurasa hizi habari za nidhamu, mapenzi na dawa za kulevya. Mwaka huu nivumilieni kidogo, maana nina neno juu ya bolti. Naam, bolti! Tena si ya dawati, bali ile inayofunga usukani wa gari la kupita nyikani.

Lami imefika Marsabit na kupita hadi Moyale, nasi tunashukuru. Lakini anayekwenda North Horr kupitia jangwa la Chalbi, au Loiyangalani kando ya ziwa, bado anapanda Land Cruiser au lori na kurushwa juu ya mawe mchana kutwa. Wengi wetu hufunga shule tukarudi nyumbani hivyo. Kwa hiyo jambo hili si la mafundi peke yao.

Dereva akizungusha usukani, vyuma virefu vilivyo chini ya gari husukumwa na kuvutwa ili magurudumu ya mbele yageuke pamoja. Vyuma hivyo ndivyo tairodi. Kila mwisho wa tairodi pana kiungo kinachofanana na cha bega la mtu: tufe ndani ya kikombe. Mafundi hukiita tairodi-endi. Injini ikizima, gari litasimama. Breki zikikataa, dereva ana gia na breki ya mkono. Lakini kiungo hiki kikiachana, usukani unabaki mkononi kama sinia, na gurudumu linakwenda litakako lenyewe.

Sasa tazama yanayotendeka. Karibu kila gereji ina mkebe wa bolti kuukuu. Fundi anatia mkono, anachakura, anajaribu moja, haiingii. Anajaribu nyingine, imeingia! Mwenye gari anafurahi kwa sababu hakulipa kitu. Mimi nasema huo ni mchezo wa pata potea, na wanaochezewa ni abiria walioketi nyuma juu ya magunia.

Bolti kuingia tunduni si ushahidi wa nguvu. Hebu tazama kichwa chake. Bolti ya maana ya vipimo vya milimita ina namba: 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kuikata kwa kila milimita mraba, kwa kipimo cha nyutoni. Bolti ya milimita 12 yenye alama 8.8 inatakiwa kustahimili mvuto wa karibu tani 7 kabla ya kukatika. Ndugu yake wa unene ule ule mwenye alama 4.6 hufika karibu tani 3 na nusu tu. Ukiziweka mezani pamoja huwezi kuzitofautisha kwa macho, ila kwa namba. Zile za vipimo vya inchi huwa na mistari kichwani: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Na isiyo na alama yoyote? Ifunge banda la kuku.

Wapo wajuaji watakaosema, basi nunua 12.9 umalize maneno. La! Chuma kigumu mno hakipindi sana kabla ya kukatika, kwa hiyo hakikupi onyo. Kwa usukani, mimi ningechagua 8.8 au 10.9 kutoka duka linalojulikana.

Tena kuna suala la hesi. Sehemu ya bolti iliyochongwa hesi ina chuma kidogo kuliko shina lake laini. Kwa ile ya milimita 12, ni pungufu kwa karibu robo. Kwa hiyo mahali vyuma viwili vinapotaka kuikata bolti kama mkasi, pawe na shina laini, si hesi. Bolti iliyochongwa hesi mpaka kichwani haifai hapo.

Siku hizi wenye magari ya nyikani wanapenda kung'oa tairodi-endi za kiwandani na kutia viungo vya wazi vya mashindano. Katika Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989, magari hupitishwa makorongoni ambako hata mbuzi angesita, na wenyewe huyakagua kila kukicha. Gari la kubeba watu Chalbi halina mlezi wa namna hiyo. Kiungo cha wazi hula vumbi na kulegea, ilhali cha kiwandani kina kofia ya mpira na grisi ndani. Na ukitia cha wazi, bolti yake ishikwe pande zote mbili. Fikirini sufuria ya githeri ikining'inia katikati ya mti: wawili wakishika ncha mbili, inafika bwaloni salama. Mmoja akishika ncha moja tu, mkono utapinda na githeri itamwagika. Bolti iliyoshikwa upande mmoja hupinda vivyo hivyo.

Kuhusu kuchomelea tairodi iliyovunjika, sina maneno mengi. Isichomelewe. Inunuliwe mpya.

Najua mtaniambia spea ni ghali na mwananchi hana pesa. Ni kweli, tairodi-endi si bei ya mandazi. Lakini bolti nzuri, nati mpya na kotapini mpya ni vitu vidogo mno kuvifanyia ubahili, wakati gari lenyewe limenunuliwa kwa mamilioni.

Kabla ya safari, injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja atikise usukani kushoto na kulia. Mwingine alale chini ashike kila kiungo kwa kiganja. Kinachogonga kibadilishwe. Nati yenye meno ikipita tundu la kotapini, ikazwe zaidi mpaka tundu linalofuata lionekane; isilegezwe kurudi nyuma. Na bolti ya zamani iliyotolewa ipigwe nyundo hesi zife kabisa ndipo itupwe, isije ikarudi mkebeni kumngoja mteja wa kesho.