Kompyuta Nzima Kuambiwa Imekufa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mabwana na mabibi, leo twataka kunena juu ya jambo ambalo wengi watalidhani ni la vijana wa kompyuta tu, halituhusu sisi tuliokaa na vitabu vya fiqhi. Latuhusu sana. Ni jambo la kununua na kuuza, na anayeuza nazi sokoni na anayeuza programu ya kompyuta wote wawili wamesimama mbele ya mizani ile ile, na wote wawili wataulizwa Siku ya Kiyama.

Tuanze na kisa. Mwaka 2022 bibi mmoja mjane wa mtaani kwetu, hapa Mombasa, aliinunulia madrasa yetu kompyuta kwa shilingi 22,000. Fedha hizo alizidunduliza katika biashara yake ya mahamri na mbaazi za asubuhi. Akaifanya kompyuta hiyo wakfu, thawabu zake zimwendee marehemu mumewe. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, kitu chenye kuhamishika chafaa kuwekwa wakfu maadamu chatumika na dhati yake yabaki. Tukaipokea kwa furaha. Kisha walimu tukachanga tukanunua programu ya kupangia maandishi ya Kiarabu yenye irabu, ili tupate kupiga chapa masomo na mitihani ya watoto. Tuliinunua kwa haki. Hatukuiiba, wala hatukuazima nakala ya mtu.

Mwaka 2025, asubuhi moja ya wiki ya mitihani, programu ile ikakataa kufunguka. Ikasema: mimi nimezeeka, tafuta toleo jipya. Tukalitafuta jipya, likasema: mimi sikai katika mfumo huu wa kuendeshea kompyuta, tafuta mfumo mpya. Tukautafuta mfumo mpya, nao ukasema: mimi siiendeshi kompyuta hii. Mlango wa kwanza ukatupeleka wa pili, wa pili ukatupeleka wa tatu, na wa tatu una kufuli. Tukawaandikia wenye programu, wakatujibu kwa adabu nyingi kwamba watushauri tununue kompyuta nyingine.

Tukamwita fundi akaifungua. Akasema haina kasoro yo yote. Kioo chake chamulika, herufi zake zabonyea, kumbukumbu yake yashika. Siku chache baadaye yule bibi akanisimamisha baada ya darsa ya wanawake akaniuliza, "Maalim, ile kompyuta imeharibika?" Nikamjibu, "La, dada yangu, ni nzima." Akasema, "Basi mbona watoto hawaitumii?"

Wallahi sikuwa na jawabu. Na makala haya ni kutafuta jawabu la mama yule.

Kwa wale wasioyajua mambo haya, tupige mfano wa baharini. Kompyuta ni chombo. Ule mfumo wa kuuendesha ni nahodha. Programu ndizo abiria. Abiria leo asema: sipandi illa kwa nahodha mpya. Na nahodha mpya asema: mimi sishiki usukani wa chombo kilichochongwa zamani. Na chombo chenyewe hakivuji wala hakijaoza ubao! Kimefungwa gatini kwa neno tu.

Wala msidhani ni sisi peke yetu tuliopatwa. Itazameni khabari ya Windows, mfumo uliomo katika kompyuta nyingi za maofisi na majumba yetu. Windows 10 ilitolewa 29 Julai 2015, na mwaka huo huo mfanyakazi mmoja wa kampuni ya Microsoft alinena hadharani kwamba hiyo ndiyo Windows ya mwisho. Hayakuwa maandishi ya mkataba, na katika karatasi zake kampuni ilikuwa imeweka tarehe ya kukoma. Sisi hatusemi ila haki. Walakini mwezi wa Juni 2021 ikatangazwa Windows 11, na pamoja nayo yakatangazwa masharti: kompyuta lazima iwe na kidude cha usalama cha namna iitwayo TPM 2.0, na iwe na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa sharti hilo la prosesa, sehemu kubwa ya kompyuta zilizouzwa kabla ya mwaka 2018 zikatolewa nje. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikaachwa kutiwa masahihisho ya usalama ya bure kama ilivyozoeleka.

Angalieni basi. Mtu aliyenunua kompyuta mpya mwaka 2017, akalipa fedha zake taslimu, amekuja kuambiwa mwaka 2021 sharti ambalo siku ya kununua halikuwako. Ni kweli kompyuta yake bado yawaka. Lakini kompyuta isiyosahihishwa ni nyumba isiyozibwa nyufa, na kila mwaka programu moja baada ya nyingine itamgeuzia uso, kama ilivyotugeuzia sisi. Alipolalamika akaambiwa kuna mwaka mmoja wa nyongeza: atoe dola 30, au akubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwa kampuni hiyo. Watu wa nchi za Umoja wa Ulaya, ambao vyama vyao vya kutetea wanunuzi vilipaza sauti, walipewa mwaka huo bila ya malipo. Sisi tulionyamaza tulipewa bei.

Wenye kuwatetea watengenezaji wana hoja mbili, na ni uadilifu tuzitaje.

Hoja ya kwanza wasema: wezi wa mitandao wanazidi werevu, na kompyuta za zamani hazina silaha za kuwazuia. Twakubali kwamba wezi wapo. Lakini hatukuomba mtu azihudumie kompyuta zetu milele. Tumeuliza tu: mlipotuuzia, kwa nini hamkutwambia kwa lugha ya wazi kwamba kitu hiki muda wake ni miaka kadha? Na ile programu yetu ya kupangia herufi, ina wezi gani wa kuogopwa? Haina haja ya intaneti. Jana yake ilikuwa ikiandika alif na ba, na leo haikubali kuandika alif na ba. Kilichobadilika ni nini ila hamu ya mwenyewe kutaka kuuza tena?

Hoja ya pili wasema: nyinyi wenyewe mlibonyeza neno "nakubali." Naam, tulibonyeza. Lakini Qur'ani katika Sura ya An-Nisaa imeiruhusu biashara iliyo kwa kuridhiana, na ridhaa ni tunda la kujua. Maandishi ya kurasa nyingi, kwa Kiingereza cha mawakili, yaliyowekwa mbele ya mtu ambaye amekwisha kulipa fedha zake, hayo si ridhaa. Huo ni mtego wenye kufunikwa kwa majani.

Sasa sheria yetu yasemaje? Mmeisikia mara nyingi hadithi ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye chakula akasema ni mvua iliyolipata. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile sehemu yenye maji juu watu wakaiona, kisha akawatoa wenye kughushi katika safu ya umma wake. Tazameni vizuri hukumu hiyo. Mtume hakumlaumu yule bwana kwa mvua, kwani mvua haiko mikononi mwake. Alimlaumu kwa kuificha chini. Nasi hatumlaumu mtengenezaji kwa kuwa kitu chake kina mwisho, kwani kila kitu kina mwisho ila Mola wetu. Twamlaumu kwa kuuficha mwisho huo chini ya lundo, na juu akaweka picha za kupendeza.

Na mafakihi wamempa mnunuzi khiyari ya aibu: akikuta kasoro iliyokuwako kabla hajakabidhiwa, na hakuijua, ana haki ya kurudisha. Basi ikiwa muuzaji ajua kwamba programu itafungwa baada ya miaka 3, naye akanyamaza, hiyo ni aibu iliyofichwa. Na ikiwa sharti amelitunga baada ya mauzo kutimia, basi hilo ni ovu la namna nyingine: ni kumfunga mtu kwa sharti ambalo halikuwamo katika akdi. Kaumu ya Nabii Shuaibu (a.s.) huko Madyana ilionywa isipunguze vipimo, tena ikaonywa isiwapunje watu vitu vyao. Yule bibi kitu chake kiko mezani, hakikuibwa, na juu ya hivyo amepunjwa.

Lakini, ndugu zangu, ulimi huu tusiuelekeze ng'ambo tu. Wako miongoni mwetu, watu wa safu ya mbele msikitini, wauzao kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya na kuletwa hapa kwa makontena. Biashara yenyewe ni halali na ina manufaa makubwa kwa maskini. Ila mwenye duka azijua kompyuta zake kama mvuvi ajuavyo samaki wa jana. Ajua kwamba hii haitaupokea mfumo mpya. Huipangusa, huibandika karatasi inayong'aa, humuuzia mzazi anayemnunulia mwanawe wa chuo, na neno halimtoki. Tena akiulizwa ajibu, "Hii ni kama mpya." Ewe ndugu yangu, kampuni za ng'ambo huenda hazijapata kuisikia hadithi ya lundo la chakula. Wewe umeisoma chuoni ukiwa mtoto! Udhuru wako ni upi?

Na ni aibu kwetu kwamba wasiokuwa Waislamu wametutangulia katika hili. Ufaransa tangu mwaka 2015 yahesabu kuwa ni jinai kufupisha umri wa bidhaa kwa makusudi ili watu wanunue nyingine, na adhabu yake yafika kifungo cha miaka 2 na faini ya yuro 300,000. Mwaka 2020 nchi hiyo hiyo iliitoza kampuni ya Apple yuro milioni 25, kwa sababu haikuwaambia wanunuzi kwamba mfumo mpya ungeweza kuzipunguzia mwendo simu zao za zamani. Kosa lilikuwa kutosema! Nayo Uingereza, kwa sheria iliyoanza kutumika 29 Aprili 2024, yamtaka mtengenezaji wa simu, runinga na kamera za intaneti atangaze muda atakaoendelea kuvitia masahihisho ya usalama. Walakini kompyuta za mezani na za mapajani zimeachwa nje ya sheria hiyo, na hilo ni pengo.

Basi na tufanye nini? Kwanza, mnunuzi asitoe fedha mpaka aulize maswali matatu: Je, kompyuta hii yaupokea mfumo wa sasa? Programu hii yataka mfumo gani, na itafanya kazi mpaka lini? Ikikataa, fedha zangu zarudi? Na majibu yaandikwe katika risiti. Pili, mwenye duka ayaandike hayo mwenyewe kabla hajaulizwa, juu ya kila kompyuta, kando ya bei. Biashara yake haitapungua, na baraka itazidi. Tatu, wawakilishi wetu tuwaombe sheria ya kumlazimisha kila muuzaji aseme muda wa bidhaa yake.

Na nne, tusiharakishe kutupa. Mwaka 2022 pekee dunia ilitupa vyombo vya umeme vya kadiri ya tani milioni 62, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kutengenezwa upya kwa njia ya sawa. Huo ni israfu, na israfu si tabia ya Muumini. Ile kompyuta ya madrasa fundi ameitia mfumo wa bure uitwao Ubuntu, jina lililotoka katika lugha za Kibantu za kusini, nalo ni ndugu wa neno letu "utu." Akatia LibreOffice, na hati ya Amiri iliyofuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Misri. Watoto wanaandika tena. Ile programu tuliyoinunua haifanyi kazi humo, na fedha zetu hazikurudi. Dai letu liko pale pale, duniani au Akhera.

Nilimpelekea yule bibi khabari. Akashukuru, kisha akauliza, "Na hawa wapya, Maalim, wamekwambia watakaa mpaka lini?" Nikamwonyesha, kwani wameiandika wazi: toleo tulilotia ni la mwaka 2024, nalo laangaliwa kwa miaka 5 bila ya malipo. Akasema, "Basi hivyo ndivyo. Mtu akiambiwa, hujipanga."

Mama muuza mahamri ameifahamu haki ya mnunuzi kwa maneno matatu. Wenye makampuni na wenye maduka wanangoja nini?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika kuuza kwetu na kununua kwetu, aipokee wakfu ya bibi yule, na amrehemu mumewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.