Baridi ya Mgololo Haipozi Laptopu Yako



Leo naongea na wenzangu wa steshenari, wa kuchapa, kutoa kopi na kusaidia watu kujaza fomu mtandaoni. Laptopu inazima ghafla katikati ya kazi, unawasha, unaendelea. Kesho inazima tena. Ukichoka unaipeleka kwa fundi apige windo upya. Ikigoma kabisa unasema imekwisha, unaanza kutafuta hela ya nyingine.

Maoni yangu ni haya, na asiyekubali aniambie: laptopu nyingi tunazozitupa hazijafa, zimeziba. Na sisi wenyewe ndio tunaziua, kwa sababu bodaboda tunaimwagia oili, cherehani tunaipaka mafuta, lakini kompyuta inayotulisha hatuifungui hata mara moja mpaka ife.

Nalisema hili kwa kuwa limenikuta. Ilikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba huku Mgololo mnajua wenyewe, asubuhi vidole vinakufa ganzi hata kuchapa ni kazi. Wakaja akina mama wa kikundi, wanataka katiba yao ichapwe wakasajili, ili waweze kuomba ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu). Nikaanza kuchapa. Nimefika ukurasa wa tatu, feni ikawa inalia kama mashine ya kusaga, mara paa! Giza. Nikawasha, ikazima. Mara ya tatu haikumaliza hata dakika mbili. Na kazi nilikuwa sijasevu.

Mama mmoja mtu mzima akaniambia kwa upole tu, "Mwanangu, sisi tumetoka nyumbani alfajiri." Wakabeba makaratasi yao wakaenda kwa mwingine. Sikuwa na la kujibu. Hela ile niliikosa, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba hawajarudi mpaka leo.

Fundi wa kwanza alipiga windo, akachukua elfu 20 yangu. Siku mbili tu, tatizo likarudi. Fundi wa pili aliigusa chini, akaniuliza, "Hii mashine imewahi kufunguliwa?" Nikamwambia tatizo haliwezi kuwa joto, Mgololo hii na baridi hii joto litoke wapi? Akacheka. Akafungua skrubu, akanionyesha: kwenye tundu la kutolea hewa kuna tabaka zito kama kipande cha blanketi. Vumbi, unga wa mbao na majivu, vimeshikana.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ndani ya laptopu kuna prosesa, ambayo ikifanya kazi inachemka. Juu yake kuna bomba la shaba linalobeba joto mpaka kwenye vipande vyembamba vya bati vilivyopangwa kama meno ya kitana, na feni inapuliza hewa kupita hapo. Meno yakiziba, hewa haipiti. Prosesa nyingi za laptopu zina kikomo cha karibu nyuzi joto 100. Ikikaribia hapo inajipunguza kasi, ndiyo maana mashine inakuwa nzito kwanza. Ikishindwa, inajizima ili isiungue. Kwa hiyo kule kuzima kunakukera bure, ni mashine inajiokoa.

Na baridi ya nje haisaidii kitu kama njia ya hewa imeziba. Jifunge mablanketi matatu usimame nje kwenye umande, utatoka jasho vilevile.

Sisi huku tuna mitego yetu. Mufindi ni nchi ya mbao. Msitu wa Sao Hill upo, kiwanda cha karatasi kipo, mashine za kupasulia mbao ziko kila upande, na unga wa mbao unapeperuka. Kiangazi kuna vumbi la barabara. Halafu kibaya kuliko vyote ni jiko la mkaa chini ya meza ili tuote moto. Feni inavuta majivu yote ndani. Na hilo jiko kwenye chumba kilichofungwa msilichukulie poa, hewa yake inaua mtu kimyakimya. Litoeni nje, vaeni koti.

Sasa, kabla hujampa fundi hela, jua kwanza mashine yako inaumwa nini:

1. Ikizima baada ya muda wa kazi, feni ikiwa inapiga kelele na chini pamoto, ukiwasha papo hapo inazima tena, lakini ukiiacha ipoe inakubali, hilo ni joto.

2. Ikizima umeme ukicheza kidogo tu au chaja ikisogea, chomoa chaja ikiwa imewaka. Ikizima hapohapo, betri imekufa. Hapo kusafisha hakutakusaidia.

3. Ikizima ikiwa bado ya baridi, dakika ya kwanza tu, kila mara, inaweza kuwa chaja au bodi. Huyo mpelekee fundi.

4. Ukiona sehemu ya chini au ya kuwekea kiganja imevimba, acha kuitumia, chomoa chaja. Betri imevimba na inaweza kushika moto. Usiitoboe wala kuibonyeza, fundi aitoe.

Kama ni joto, anza na yasiyo na gharama. Usiiweke juu ya kitenge, kitanda au mapajani, matundu ya hewa mengi yako chini. Chukua vizibo vinne vya soda, weka kila kona, iinuke kidogo. Mimi natumia hivyo mpaka leo, sijanunua stendi. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uone ni programu gani inakula prosesa. Wakati mwingine ni mambo mengi yamejifungua yenyewe na huyatumii.

Baada ya hapo ndiyo sevisi. Fundi aifungue, aondoe vumbi, abadilishe ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na bomba la shaba, wengine wanaiita pesti. Ikikauka, joto halipiti vizuri. Laptopu nyingi tunazonunua ni za mtumba, zimetumika miaka huko zilikotoka, pesti imeshakauka kabla hata hujaileta dukani. Kwa hiyo ukinunua mtumba, hela ya sevisi ihesabu kwenye bei ya kununulia.

Ukiwa na blowa na unataka kupuliza mwenyewe, zima kabisa, chomoa chaja, na feni ishikilie kwa kijiti isizunguke. Upepo ukiizungusha kwa nguvu unaweza kuiharibu. Na usipulize kwa mdomo, mate ni maji.

Yule fundi wa pili alinichaji elfu 15. Nilikuwa nimeshapoteza 20 za windo, pamoja na kikundi kizima cha akina mama. Pigeni hesabu wenyewe.

Najua kuna mwenzangu atasema, "Duka langu dogo, hela ya sevisi naitoa wapi?" Namwelewa, hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Lakini kila siku weka pembeni 100 tu kwenye kopo. Ndani ya miezi sita una zaidi ya elfu 15. Kwa mazingira yetu ya mbao na vumbi, mara mbili kwa mwaka ndiyo naona inafaa: kabla ya kiangazi kuanza na kikishaisha.

Na la mwisho, hili ni la heshima kwa mteja. Kazi ya mtu isevu kila baada ya aya moja, Ctrl na S, kidole kizoee. Kwenye Word, ule muda wa kujisevu wa akiba kwa kawaida ni dakika 10, ushushe uwe dakika 1 au 2. Ikitokea mashine imezima na kazi imepotea, mwambie mteja ukweli na umchapie upya bure. Yeye hakuziba feni yako.

Kesho kabla hujafungua duka, geuza mashine yako uangalie yale matundu. Washa, weka kiganja pembeni inapotoka hewa. Kama feni inalia na hewa haitoki, tayari imeshakuomba msaada. Usisubiri ikuombe mbele ya mteja.