Kwanza Mchi, Kisha Ngoma



Wazazi wengi hapa kwetu Kashebere hutujia baada ya Misa wakiuliza jambo moja: "Mwalimu, mwanangu ataka kujifunza kupiga ngoma. Aanze na wimbo gani?" Swali hili laonekana dogo, lakini si dogo. Wimbo wa kwanza ni kama mlango wa nyumba. Ukifunguka vizuri, mtoto ataingia. Ukimpiga usoni, atarudi alikotoka, na pengine hatabisha hodi tena. Twalijua jambo hilo, kwa maana sisi wenyewe tulipata kumfungia mtoto mlango huo.

Ilikuwa siku za kujitayarisha kwa Noeli. Tulikuwa na wavulana wanne ambao hawakuwa wamepata kushika ngoma. Kwa kutaka sifa, tukawachagulia wimbo wa kupeleka vipaji, ule ambao watu huucheza tangu mlangoni hata altareni, wa haraka kama mvua ya mawe juu ya mabati. Siku ya sikukuu ilipofika, mmoja wao, mwenye miaka 11, akapotea katikati ya ubeti wa pili. Ngoma yake ikaenda huku, waimbaji wakaenda kule, na watu wakacheka. Juma lililofuata hakuja, wala la pili, wala la tatu. Tukasema: "Huyu hana masikio." Ndivyo tulivyosema, nasi tulikosa.

Jioni moja tulipita kwao. Tulimkuta uani pamoja na dada yake, wakitwanga sombe katika kinu kimoja kwa michi miwili. Mchi mmoja wapanda, mwingine washuka. Walizungumza, wakacheka, dada akaanzisha wimbo, mdogo wake akaitikia, na michi haikugongana hata mara moja. Tulisimama kitambo tukitazama. Mtoto tuliyemhukumu kuwa hana masikio alikuwa akishika mapigo kwa muda mrefu kuliko wimbo wowote wa kanisani. Kosa halikuwa katika masikio yake, bali katika uchaguzi wetu.

Tangu siku hiyo twafuata kanuni nne, nazo ni hizi.

Ya kwanza: wimbo uwe ule mtoto anaoujua kabisa, hata usingizini. Anayetafuta maneno hawezi kutafuta mapigo. Msimpe wimbo mpya na ngoma mpya kwa siku moja.

Ya pili: mwendo uwe wa mtu anayetembea. Jaribuni hivi: mtoto aimbe huku akizunguka uani, kila hatua na pigo lake. Akilazimika kukimbia, wimbo huo bado si wake. Tena nyimbo zetu nyingi huhesabiwa tatu tatu, pigo moja zito na mepesi mawili ya kulifuata. Katika nyimbo za namna hiyo mwanafunzi apige lile zito tu. Mepesi ayasikie moyoni mpaka mkono uzoee.

Ya tatu: pawe na kiitikio kifupi chenye kurudi mara kwa mara. Mtoto akipotea katika ubeti, anyamaze asikilize, kisha aingie tena kwenye kiitikio. Afundishwe mapema kwamba kunyamaza si aibu. Laiti tungalimfundisha hivyo yule wetu kabla ya Noeli!

Ya nne: apewe kazi moja tu. Katika kundi la ngoma, moja hushika mwendo bila kubadilika, na nyingine huzungumza juu yake. Kila kijana atamani ile inayozungumza. Lakini iliyo ya msingi ikiyumba, nyingine zitazungumza na nani? Wazee walisema, ngoma ivumayo haidumu. Mwanafunzi aanze kwa ile ya msingi, na madaha yatakuja kwa wakati wake.

Basi, mpango wetu ni huu. Twaanza na nyimbo za kutwanga, kisha nyimbo za kutembea, kisha nyimbo za kanisani zilizo za polepole, na mwisho kabisa zile za kucheza. Wala mtoto hashiki ngoma siku ya kwanza. Hupiga makofi, kisha magoti yake, kisha bidoni tupu. Mikono ikikubali, ndipo ngoma huwekwa kwenye jua ngozi ikaze, naye akaribishwe.

Pengine mtu atasema kwamba kumweka kijana kwenye bidoni na mti ni kumdharau. Na awatazame jirani zetu Wanyanga wa Walikale. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliimba na kusimulia utenzi wa shujaa Mwindo kwa siku 12, naye Mbelgiji Daniel Biebuyck akauandikisha. Utenzi huo ulitolewa katika kitabu mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha aliye Mnyanga mwenyewe. Bingwa alishika kibuyu cha kutikisa na kuvaa njuga, nao wasaidizi wake hawakupiga ngoma ya ngozi. Walipiga kwa vijiti mti uliolazwa chini juu ya vijiti vikavu. Tena kazi hiyo ya usaidizi ndiyo iliyokuwa shule: aliyetaka kuujua utenzi aliandamana na bingwa, akaitikia, akashika mapigo, mpaka maneno yote yakamwingia. Kumbe mti ulitangulia, na ubingwa ukafuata.

Na kanisani je? Tutazame Missa Luba, iliyotungwa Kamina katika Katanga na kuimbwa mwaka 1958 chini ya uongozi wa Padre Guido Haazen. Sanctus yake imefuata wimbo wa kuagana, wa polepole. Na Hosanna inayofuata ni mwendo wa kucheza wa Kasai. Zote mbili ni za Misa ile ile, tena zafuatana. Mwalimu mwenye busara angemwacha mwanafunzi wake ajifunze kwanza pale penye kuagana, kabla ya kumpeleka kwenye kucheza. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire, nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, na ndani yake kuimba kwa mwili mzima kuna mahali pake. Hiyo ni sababu zaidi ya kuwafundisha watoto kwa taratibu, kwa kuwa watu wote watatembea kwa mapigo yao.

Liko neno moja zaidi, nalo ndilo zito kuliko yote. Tangu mwaka 1993 nchi hii ya Masisi na Walikale imejua vita mara nyingi. Mama anayekimbia usiku, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, hawezi kubeba ngoma. Ngoma ngapi zimeachwa, ngapi zimeoza, ngapi zimeungua! Mtoto aliyefundishwa ngoma pasipo wimbo, ngoma ikipotea amebaki mikono mitupu. Lakini aliyeanza na wimbo wa nyumbani atakuwa nao popote atakapolala, na bidoni haikosi pale watu wanapochota maji. Tena atakutana na watoto wa lugha nyingine, Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda. Kwa ajili hiyo twachagua viitikio vifupi, ambavyo mgeni aweza kuvishika kwa jioni moja. Anayeitikia pamoja nawe si rahisi kumwita mgeni kesho yake.

Na yule mtoto wetu? Tulimwomba radhi mbele ya mama yake, kwa kuwa tulikuwa tumemkosea mbele ya watu. Hakujibu neno, aliendelea kutwanga. Lakini Jumamosi alikuja, na tulimwomba awafundishe wenzake wimbo wa kinu. Waliupiga kwenye benchi majuma mawili. Sikukuu ya Pasaka alishika ngoma ya msingi katika wimbo mmoja tu, wa polepole. Hakuna aliyemsifu, kwa maana hakuna aliyegundua ngoma. Watu waliimba tu, wote pamoja, na hilo ndilo tulilolitaka.

Basi, wazazi wapenzi, mkitaka kujua mwanenu aanze na wimbo gani, msije kwetu kwanza. Jioni hii kaeni uani, mkasikilize anachoimba akiwa kazini na asipojua kwamba anasikilizwa. Wimbo huo mtuletee.