Bahasha ya Oscar 2017: Kosa la Dakika Mbili na Funzo kwa Kila Anayetangaza Matokeo

Asubuhi ya Jumatatu, Februari 27, 2017, muda mfupi baada ya saa 2 kwa saa za Afrika Mashariki, watazamaji katika nchi nyingi duniani waliona jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika utoaji wa tuzo ya Filamu Bora ya Oscar. Filamu iliyotangazwa kuwa mshindi haikuwa mshindi. Los Angeles, Marekani, ilikuwa bado usiku wa Jumapili, Februari 26, na ukumbi wa Dolby Theatre ulikuwa umejaa wasanii, watayarishaji na wageni waalikwa waliofika kushuhudia hafla ya 89 ya tuzo hizo.

Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Hata hivyo, kwa mwananchi anayefuatilia matangazo rasmi, yawe ya matokeo ya mitihani, ya nafasi za ajira au ya washindi wa zabuni, lina uzito zaidi ya kichekesho. Linaonesha jinsi taasisi yenye utaratibu wa miongo mingi inavyoweza kukosea katika hatua ya mwisho kabisa, na namna inavyopaswa kutenda pindi kosa linapokuwa limekwisha kusikika masikioni mwa umma.

Mambo yalivyokwenda

Waigizaji wakongwe Warren Beatty na Faye Dunaway ndio waliopewa heshima ya kutangaza Filamu Bora. Beatty alifungua bahasha, akaitazama kadi, akasita. Aliangalia tena ndani ya bahasha kana kwamba anatafuta karatasi nyingine, kisha akamkabidhi mwenzake kadi ile. Dunaway aliona jina la filamu La La Land, akalitamka. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe, na watayarishaji wa filamu hiyo wakapanda jukwaani kutoa shukrani.

Kadi ile ilikuwa ya tuzo nyingine. Ilikuwa nakala ya pili ya kadi ya Mwigizaji Bora wa Kike, tuzo iliyokuwa imekwisha kutolewa kwa Emma Stone kutokana na uigizaji wake katika La La Land. Jina la mwigizaji na jina la filamu yote yalikuwa pale. Kilichokosekana ni uhusiano wowote na tuzo iliyokuwa ikitangazwa.

Zilipita zaidi ya dakika mbili kabla ya umma kuambiwa ukweli. Wakati huo wote watayarishaji wa La La Land walikuwa wakizishukuru familia zao, huku watu wenye vifaa vya mawasiliano masikioni wakionekana kuhangaika nyuma yao. Hatimaye mmoja wa watayarishaji hao, Jordan Horowitz, aliikaribia maikrofoni na kutamka wazi kwamba kumetokea kosa na kwamba mshindi ni filamu Moonlight. Akaichukua kadi sahihi na kuinyanyua mbele ya kamera, ili kila mwenye macho ajisomee mwenyewe.

Utaratibu ulikuwepo

Ingekuwa rahisi kuwalaumu wasomaji wawili wa kadi, lakini chanzo cha kosa kilikuwa nyuma ya jukwaa. Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu, ambayo ndiyo mwenye tuzo hizo, imekabidhi kazi ya kuhesabu kura kwa kampuni ya kimataifa ya uhasibu, PwC, ambayo imekuwa ikiifanya tangu miaka ya 1930. Wakati huo wahasibu wawili pekee ndio walioyajua matokeo kabla ya hafla. Kila mmoja alibeba seti kamili ya bahasha za tuzo zote 24, na alisimama upande wake wa jukwaa, ili mtangazaji atakayeingilia upande wowote apate bahasha yake pasipo kuchelewa.

Seti mbili ni tahadhari ya busara, kwa kuwa ikiwa moja itapotea au kuchelewa njiani, nyingine ipo. Hata hivyo, tahadhari hiyo ndiyo iliyozaa hatari mpya. Kila bahasha inapofunguliwa upande mmoja, pacha wake hubaki mikononi mwa mhasibu wa upande wa pili, na hana budi kuiweka kando mara moja. Usiku ule bahasha ya Mwigizaji Bora wa Kike ilitolewa upande mmoja. Pacha wake haikuondolewa, na dakika chache baadaye ikakabidhiwa kwa Beatty badala ya bahasha ya Filamu Bora.

Yapo mambo mengine mawili yaliyochangia. La kwanza ni mwonekano wa nyaraka zenyewe. Kwenye kadi, jina la tuzo lilichapishwa chini kabisa kwa herufi ndogo, wakati jina la mshindi na la filamu yalikuwa makubwa katikati. Mtu anayesoma chini ya taa kali mbele ya hadhira kubwa huona kwanza kilicho kikubwa. Waraka unaoficha maelezo muhimu chini ya ukurasa humtega msomaji wake, hata kama kila neno lililoandikwa humo ni sahihi.

La pili ni ukimya. Beatty aliona kwamba kuna kasoro; alieleza baadaye palepale jukwaani kwamba alikuwa amesoma jina la Emma Stone na ndiyo maana akasita. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hakuna aliyekuwa amemwandaa kwa swali la namna hiyo, wala kumwelekeza amgeukie nani. Wahasibu nao walikuwa na wajibu wa kusimamisha shughuli papo hapo. Kampuni yao yenyewe ilikiri katika taarifa yake kwamba taratibu za kurekebisha kosa hazikutekelezwa kwa haraka iliyotakiwa. Utaratibu ulikuwepo katika maandishi. Waliopaswa kuutekeleza hawakuutekeleza kwa wakati.

Washindi waliofunikwa na kelele

Uzito wa kosa lile hauwezi kueleweka pasipo kuwatazama walioguswa nalo. La La Land, filamu ya nyimbo na dansi iliyoongozwa na Damien Chazelle, iliingia ukumbini ikiwa imeteuliwa mara 14, idadi iliyolingana na rekodi ya filamu All About Eve na Titanic. Ilitoka na tuzo 6, ikiwemo ya Mwongozaji Bora iliyomfanya Chazelle, akiwa na umri wa miaka 32, kuwa mwongozaji mdogo zaidi kuwahi kuipata.

Moonlight ilikuwa kazi ya aina nyingine. Mwongozaji wake, Barry Jenkins, aliipiga kwa siku 25 mjini Miami, kwa bajeti ndogo mno ikilinganishwa na viwango vya Hollywood. Inafuatilia maisha ya Chiron, kijana mweusi anayekulia katika umaskini na mama mwenye uraibu wa dawa za kulevya, akipambana kuitambua nafsi yake na mapenzi yake kwa mwanaume mwenzake. Waigizaji watatu tofauti wanamwigiza katika utoto, ujana na utu uzima. Ilikuwa filamu ya kwanza yenye waigizaji wote weusi kutwaa tuzo ya Filamu Bora. Jenkins na Tarell Alvin McCraney walipata tuzo ya mswada uliotokana na kazi nyingine, na Mahershala Ali akawa Mwislamu wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji.

Ushindi huo haukuja kwa bahati. Katika miaka ya 2015 na 2016, nafasi zote 20 za uteuzi wa waigizaji zilikwenda kwa wazungu, na malalamiko yakasambaa duniani kote. Januari 2016 Akademia, ikiongozwa na Cheryl Boone Isaacs, ilitangaza azma ya kuongeza maradufu idadi ya wanachama wanawake na wale wa jamii zilizosahaulika ifikapo 2020. Miezi michache baadaye iliwaalika wanachama wapya 683, ambao asilimia 46 kati yao walikuwa wanawake na asilimia 41 watu wasio wazungu. Akademia haitangazi idadi ya kura, hivyo haiwezekani kupima kwa usahihi mchango wa wanachama hao. Linaloweza kusemwa ni kwamba daftari la wapiga kura lilibadilika, na mwaka uliofuata waigizaji sita weusi waliteuliwa. Kati yao, Ali na Viola Davis walishinda.

Usiku huohuo ulibeba pia ujumbe wa kisiasa. Mwongozaji wa Iran, Asghar Farhadi, alishinda tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni kwa kazi yake The Salesman, lakini hakuhudhuria. Mwezi mmoja kabla, Rais Donald Trump alikuwa amesaini amri ya kuzuia raia wa nchi saba, Iran ikiwa mojawapo, kuingia Marekani. Farhadi aliamua kubaki nyumbani, na Wairani wawili waishio Marekani, Anousheh Ansari na Firouz Naderi, wakaipokea tuzo kwa niaba yake.

Haya yote yalistahili kuwa habari kuu ya asubuhi iliyofuata. Badala yake, dunia ilizungumzia bahasha. Wasanii wa Moonlight walipanda jukwaani katika taharuki, bila kupata ule wakati mtulivu wa kusikia jina lao likitajwa kwa mara ya kwanza. Wenzao wa La La Land walishika kombe kwa dakika mbili na kulirudisha mbele ya macho ya dunia. Marekebisho yalirejesha tuzo kwa mwenyewe, lakini hayakuweza kuurejesha wakati uliopotea. Hiyo ndiyo gharama ya tangazo lisilo sahihi: anayestahili hupokea haki yake ikiwa imechanganyika na mashaka, na asiyestahili hufedheheka kwa kosa ambalo si lake.

Kosa lililorekebishwa na lililoachwa

Katika hafla ileile lilitokea kosa la pili ambalo wengi hawalikumbuki. Wakati wa kuwaenzi wanatasnia waliofariki, jina la mbunifu wa mavazi Janet Patterson lilioneshwa likiwa na picha ya mtayarishaji Jan Chapman, aliyekuwa hai. Hakuna aliyelirekebisha jukwaani usiku ule. Chapman alilazimika kueleza mwenyewe kupitia vyombo vya habari kwamba yu mzima, na radhi ya Akademia ikafuata baadaye.

Makosa hayo mawili yakiwekwa pamoja, tofauti yake inaonekana. La kwanza lilikuwa kubwa zaidi, lakini lilirekebishwa mahali lilipotokea, mbele ya walewale waliolisikia, na kwa ushahidi ulioonekana. Kwa sababu hiyo, hakuna aliyedai kwa hoja nzito kwamba Moonlight haikushinda. La pili lilimwachia aliyeathirika mzigo wa kujisafisha mwenyewe.

Hatua zilizofuata

Saa chache baada ya hafla, PwC iliomba radhi kwa filamu zote mbili, kwa watangazaji na kwa watazamaji, na kubeba lawama yote. Wahasibu wawili waliohusika waliondolewa katika kazi hiyo. Mapema mwaka 2018, kabla ya hafla ya 90, taratibu mpya zilitangazwa. Mhasibu wa tatu, naye akiwa na seti kamili ya bahasha na akiyajua matokeo kwa kichwa, aliwekwa katika chumba cha kuongozea matangazo. Mtangazaji na msimamizi wa jukwaa walitakiwa kuthibitisha kwamba bahasha ni ya tuzo husika kabla ya kupanda jukwaani. Wahasibu walitakiwa kushiriki mazoezi, yakiwemo mazoezi ya kukabiliana na kosa, na walikatazwa kutumia simu na mitandao ya kijamii wakati wa hafla. Katika hafla hiyo ya Machi 4, 2018, Beatty na Dunaway walirudishwa kutangaza Filamu Bora, na safari hii walisoma jina sahihi, The Shape of Water.

Ikumbukwe kwamba hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyohitaji mtambo wa gharama kubwa. Zilihitaji jicho la pili, swali moja kabla ya kukabidhi waraka, na watu waliofanya mazoezi ya kusema “simama” bila kuogopa cheo wala kamera.

Funzo kwa watoa taarifa na wapokeaji

Kwa ofisi yoyote inayotoa matokeo kwa umma, mambo manne yanajitokeza. Kwanza, nakala iliyokwisha kutumika iondolewe mezani, kwani orodha ya zamani inayofanana na mpya ni hatari kuliko orodha iliyopotea. Pili, waraka uandikwe kwa namna inayoweka mbele jambo analopaswa kulijua msomaji kwanza. Tatu, ajulikane nani mwenye mamlaka ya kusimamisha tangazo, na asiadhibiwe kwa kulitumia kwa nia njema. Nne, masahihisho yatolewe kupitia njia ileile iliyotumika kutoa kosa, kwa uwazi uleule na kwa haraka.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Tangazo la kwanza kusikika si lazima liwe la mwisho, na taasisi inayojisahihisha haistahili kudhihakiwa kana kwamba ndiyo pekee iliyokosea. Dhihaka ikizidi, ofisi hujifunza kuficha, na mficha ugonjwa kifo humuumbua. Mwananchi anao wajibu wa kudai vitu viwili kwa pamoja: usahihi kabla ya tangazo, na ukweli bila kuchelewa pale usahihi unapokosekana.

Usiku ule wa Los Angeles, aliyeokoa heshima ya tuzo alikuwa mtu aliyekuwa akipoteza zaidi kuliko wengine ukumbini. Alikuwa na kombe mkononi, akausema ukweli, akakabidhi. Taasisi zinaweza kuandika taratibu nyingi nzuri, na zinapaswa kufanya hivyo. Bado zitahitaji watu wa aina hiyo siku taratibu zitakapowaangusha.